Mwamba umefungwa, na chungu je?

Maswali ya bahari, kwa Babu Bwana Samaki

Barua za mwezi huu ni chache, lakini ya kwanza imenikaa kooni wiki nzima. Nitaijibu kwa urefu. Wengine mtaniwia radhi, nitawapitia kwa haraka.

Shikamoo Babu. Mimi ni mama wa watoto wanne, kijiji chetu kiko pwani ya Kilwa. Kamati imefunga mwamba miezi mitatu, wanasema pweza wapate kukua. Sisi wanawake tunashuka kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, hatuna chombo wala miwani ya kuzamia. Wanaume wenye ngalawa wanaendelea na kazi zao huko nje. Je, ni kweli pweza hukua kwa miezi mitatu, au tunafungiwa riziki bure? – Mama Wanne

Marahaba mwanangu. Kukua anakua, tena kwa kasi ambayo mfugaji wa ng'ombe ukimsimulia atakuita mwongo. Pweza wetu wa mwambani, yule wa hudhurungi anayegeuka rangi huku unamtazama, umri wake wote ni mwaka mmoja na miezi kidogo. Hana muda wa kupoteza. Anakula kaa kutwa, na maganda anayatupa mlangoni kwake. Ndiyo yanayomponza, maana bibi yangu kule Mafia hakuwa akitafuta pweza, alikuwa akitafuta takataka: ganda la kaa lililo jeupe bado, vijiwe vilivyopangwa mdomoni mwa shimo kama mtu kaziba dirisha. Akishaliona anaingiza kijiti cha mkandaa taratibu, pweza anakishika kwa hasira, bibi anavuta, mkono wa pili unakidaka kichwa na kukigeuza ndani nje kama soksi. Kimya. Anaingia kwenye tenga, bibi huyo shimo la pili.

Basi pweza wa nusu kilo leo, ukimwacha mwezi na siku kadhaa, unaweza kumkuta amefika kilo. Ndiyo sababu kanuni zetu za uvuvi zinakataza kuvua aliye chini ya gramu 500. Samaki wengi wa mwambani huwezi kuwafanyia hivyo. Chewa ukimfungia miezi mitatu hata hajui kama umemfungia.

Kuna na habari ya jike. Hutaga mara moja tu maishani mwake. Anajifungia shimoni, anatundika mayai darini, vishada vya punje ndogo kuliko mchele, kwa makumi na mamia ya maelfu, kisha anakaa kuyapulizia maji na kuyapangusa kwa mikono yake. Karibu mwezi mzima hali kitu. Siku yanapoanguliwa, yeye huwa amebaki ngozi, anakufa. Watoto wanachukuliwa na mkondo, wanaelea wiki kadhaa ndipo washuke kwenye mwamba, na huenda ukawa wa kijiji jirani. Kwa hiyo mwamba wenu unalea hata wa wenzenu, na wa wenzenu unawalea nyinyi.

Jambo hili si la kubuniwa ofisini. Wavezo, jamii ya wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga kipande cha mwamba mwaka 2004. Walipofungua wakatoa pweza wakubwa, majirani wakaona, wakaiga. Huku kwetu limefika Songosongo, limefika Kisiwa Panza kule Pemba.

Sasa nusu ya pili ya swali lako, na hapa naungama. Nikiwa bwana samaki kijana nilikwenda kijiji kimoja, sikitaji, nikakutana na kamati chini ya mkungu. Wanaume watupu. Nikawauliza tufunge wapi. Wakanionyesha kwa kidole, wote kidole kimoja, mwamba wa karibu, ule unaokauka maji yakipwa. Nikaandika, nikachora ramani nzuri, nikapigiwa makofi. Bamvua iliyofuata nawakuta kina mama wamekaa pwani na matenga yao matupu, maji yamekupwa mpaka mwisho, mwamba uko wazi mbele yao kama uwanja. Mmoja akaniambia, "Bwana mkubwa, umefunga jiko letu, duka lao umeliacha wazi." Sikuwa na jibu. Mwamba wa nje, wa kuzamia, hakuna aliyeugusa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza miezi mingapi, mwulize mwenyekiti: kipande gani? Anayefunga kwa akili hafungi mwamba wote. Anachukua sehemu, tena ichanganye ya kutembelea kwa miguu na ya kuzamia, ili kila nyumba iumie kidogo. Kama mmefungiwa pale tu mnapofika nyinyi, hapo hamjatendewa haki, na mna haki ya kusema mkutanoni, si kisimani.

Siku ya kufungua nayo ina mambo yake. Wanunuzi watakuja na makasha ya barafu, vijana wa miwani na mapezi watakuja hata msiowajua, na asubuhi moja inaweza kumaliza kazi ya siku tisini. Pweza wengi na wakubwa hutoka siku za mwanzo, baada ya hapo mavuno hurudi kama zamani. Nimeona mahali walipokubaliana wanaokwenda kwa miguu watangulie, wazamiaji wafuate, na nondo zibaki nyumbani kwa sababu zinavunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya pweza wa mwakani. Shikilieni hilo la kutangulia. Na pangeni doria ya usiku wiki ya mwisho, maana mwizi wa pweza huanza kuhesabu siku kabla yenu.

Babu, jirani anasema nyama ya kasa inaua. Mbona sisi tumekula utotoni na tuko hai? – Msomaji, Tanga

Mmebahatika. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mwanamke mmoja walikufa baada ya kula kasa, na watu 78 wakalazwa. Pemba hiyohiyo, Novemba 2021, walikufa watu 7. Sumu hii inadhaniwa kasa huipata kwenye chakula chake, kwa hiyo mmoja anayo, mwingine hana, na kwa macho hutambui. Kuchemsha hakuitoi, kukaanga hakuitoi, dawa ya kuikata hakuna. Na kasa analindwa na sheria, ng'amba na kasa wa kawaida na wote waliobaki. Usionje.

Shikamoo Babu. Mimi niko darasa la tano, Morogoro. Je, papa potwe anaweza kummeza mtu? – Mjukuu wako

Marahaba mjukuu. Mdomo wake ungeweza kukufungulia mlango, lakini koo lake ni jembamba, na yeye mwenyewe anataka uduvi na vidagaa tu. Anafungua kinywa, anachuja maji, anakwenda zake. Urefu wake unaweza kupita mita 12, ila wale wa Kilindoni, Mafia, wengi ni madume ambayo hayajakomaa. Madoa ya mgongoni hayafanani papa kwa papa, wataalamu wanawatambua kwa picha kama sisi kwa alama za vidole. Wa kwangu wa kwanza alinipita ubavuni nikiwa ngalawani, mwezi wa Desemba, mrefu kuliko chombo. Mkia ulipogeuka ukaturushia maji, mkate wa kumimina niliopewa na mama ukalowa wote. Niliula hivyohivyo.