Kufuli Halikuvunjwa, Bima Imegoma

SWALI: Shikamoo dada. Nauza vipuri vya pikipiki Majengo, Dodoma. Februari nilikata bima ya wizi, nikalipa yote kwa mkupuo. Juni nimehesabu stoku, cheni, tairi na betri za karibu shilingi milioni 6 hazipo. Kijana niliyemwachia funguo kakimbia, simu haipatikani. Nikachukua RB polisi, nikapeleka madai kwa kampuni ya bima. Wakaja, wakapiga picha mlango, kisha wakaniandikia kwamba hakuna dalili ya kuvunjwa. Kwani wizi ni nini? Au wamenila hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Kabla ya ukurasa huu nilikaa meza ya madai miaka 19, na swali lako nimeulizwa kwa upole, kwa machozi, na mara moja kwa kupigiwa meza hadi chai ikamwagikia faili. Jibu lake linauma: kama hati yako ni kama zile nilizozizoea, hawajakuonea.

Hiyo ni bima ya wizi wa kuvunja. Inataka mwizi aingie au atoke kwa nguvu: kufuli likatwe, nondo ipindwe, bati linyanyuliwe. Aliyefungua kwa funguo uliyompa mwenyewe hajavunja kitu. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa, sitashangaa ukikuta sentensi inayosema wizi wa mfanyakazi wako haumo. Wakala wako aliupita ukurasa huo haraka haraka, labda bodaboda ilikuwa inamsubiri nje. Hapo lawama nampa yeye, maana alimwona kijana kasimama kaunta.

Kijana wa dukani ana bima yake, ya uaminifu wa wafanyakazi. Hiyo haiangalii mlango, inaangalia daftari. Watakuuliza nani alimdhamini, mauzo yanapelekwa benki lini, stoku unahesabu kila baada ya muda gani. Ukijaza "kila mwisho wa mwezi" halafu ukahesabu Februari na Juni, umejifunga mwenyewe. Na kuna kifungu watu wengi wanakiruka: ukishamkamata na betri moja, ukamsamehe kimya kimya kwa sababu mama yake alikuja kulia, atakachoiba baada ya hapo kampuni haikijui.

Usidhani ya kuvunja ndiyo rahisi. Nilipokea madai ya muuza mafuta ya alizeti wa Kibaigwa. Walimwibia usiku, kweli kabisa, madumu yakapakiwa kwenye gari. Alfajiri, kwa hasira, akaita fundi akachomelea geti upya, kufuli lililokatwa akalitupa jalalani. Mkadiria hasara anafika mchana anakuta geti zima kuliko la jirani. Tukamwambia arudi jalalani. Kesho yake akaja nalo kwenye bahasha ya kaki: kufuli la chuma, kutu kila mahali, isipokuwa pale lilipokatwa, paking'aa kama sarafu mpya. Lile ndilo lililomwokoa.

Alilipwa nusu, lakini. Mali ya ghalani ilikuwa ya milioni 16, yeye aliandikisha 8 ili ada ipungue. Kilichoibiwa ni cha milioni 4, akapata 2, na humo wakakata kile kiasi ambacho mkata bima hubeba mwenyewe. Alinuna mwaka mzima. Ukiandikisha nusu ya mali, hasara nayo unagawana nusu kwa nusu na kampuni.

Wewe tafuta nakala ya fomu uliyojaza. Kama hati haina kile kifungu cha kukataa wizi wa mfanyakazi, au wakala aliandika ambayo hukusema, walalamikie kwanza wao kwa maandishi. Mkishindwana, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Makao makuu ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, nayo yako hapa hapa mjini Dodoma, nauli ya bodaboda inakufikisha. Na polisi usiishie kwenye RB, fuatilia kesi.

SWALI: Mimi ni wakala wa miamala Nkuhungu. Jioni nabeba hadi milioni 3 kwenda nyumbani. Kuna bima ya hela za mkononi?

JIBU: Ipo, inaitwa bima ya fedha, na inakwenda kwa mahali na saa. Kuna kiwango cha pesa iliyo njiani, cha iliyo dukani saa za kazi, na cha iliyolala kwenye kasha la chuma. Iliyolala kwenye droo mara nyingi hawailipi. Milioni 3 kwenye begi la mgongoni kila jioni, njia ileile? Hapo waambie ukweli kabla hujasaini: nani anabeba, mko wangapi, mnapita wapi, na kwamba inalala nyumbani. Hilo la kulala nyumbani wakubali kwa maandishi, la sivyo usihesabu kwamba unayo bima.

Halafu lile la matapeli, "ile pesa itume kwenye namba hii." Ukituma kwa kidole chako mwenyewe, hujanyang'anywa, umedanganywa, na bima ya kawaida ya fedha huwa inajitoa hapo. Na floti, lile salio la miamala lililo ndani ya simu, si noti. Waulize kwa jina hilo hilo, floti, wakujibu kwa barua.