Ripoti ya taka za mionzi: anza na kurasa za maji

Kazi yangu ni kuchukua sampuli za maji visimani kwa ajili ya TAM, yaani Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Anayeniuliza aanzie wapi kusoma ripoti ya eneo la kutupia taka za mionzi mimi humwambia aruke kurasa za unene wa zege. Zege husifiwa kila ripoti. Nenda kwenye maji.

Kisa cha Asse, Ujerumani, kinatosha. Ulikuwa mgodi wa chumvi uliokwisha kazi yake, na kati ya 1967 na 1978 yaliingizwa humo mapipa ya taka za mionzi takriban 126,000, mengine yakibwagwa tu na mtambo, pipa juu ya pipa. Mgodi wa jirani, Asse I, ulishafurika tangu 1906, na bado wakaendelea! Tangu 1988 maji ya chumvi yanaingia, kama mita za ujazo 12 kwa siku. Mwaka 2013 ikapitishwa sheria kwamba mapipa yatolewe, na hapo ndipo penye shughuli.

Kwa hiyo uliza: kina cha maji kilipimwa miezi gani? Nimeshika ripoti zenye vipimo vya Agosti na Septemba peke yake. Kijiji kimoja nilikuwa nasuuza chupa kisimani, bibi mmoja akataka kujua ujenzi utakuwa upande gani. Nikamwonyesha. Akacheka: "Mwanangu, pale masika tunavua viatu." Kwenye ripoti, hapo paliandikwa pakavu. Dai vipimo vya mwaka mzima, na wazee waulizwe mafuriko yaliwahi kufika wapi.

Kisha angalia kama visima vilipimwa mionzi kabla pipa la kwanza halijafika. Fosfeti ya Minjingu kule Manyara, mwamba wa kutengenezea mbolea, ina urani ya asili. Mahali kama hapo, bila vipimo vya awali, miaka ishirini baadaye kila mtu atasingizia mwamba. Angalia pia kama sampuli za kupimia metali zilitiwa asidi palepale kisimani. Zisipotiwa, metali hung'ang'ania kuta za chupa na maabara itakuletea namba nzuri za uongo.

Orodha ya taka haikuchukui muda. Kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5 hivi, kisiamu-137 miaka 30, radiamu-226 miaka 1,600. Ukiona radiamu nyingi kwenye shimo lililosanifiwa kwa miaka 300, rudisha ripoti.

Mwisho tafuta fungu la uangalizi. Kituo cha La Manche, Ufaransa, kiliacha kupokea taka mwaka 1994, lakini uangalizi wake umepangwa kwa karne kadhaa. Ripoti nyingi humaliza jambo hili kwa sentensi moja: "mwendelezaji atafuatilia." Andika kando yake: nani, kwa fedha ipi, na majibu ya visima yatabandikwa ofisi ya kijiji kila baada ya miezi mingapi? Maswali hayo yapeleke kwa maandishi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.