Mhusika wa kitabuni akiingia kwenye filamu, abaki na nini?

Mkuu, umeuliza kama mtengeneza filamu ana haki ya kumbadilisha mhusika wa kitabuni, na wengi humu wamekujibu "asiguse kitu". Nami nilikuwa kundi hilo, mpaka tulipojaribu kutengeneza filamu yetu hapa Mtwara, ya dakika kumi na tano tu, kwa kamera ya kuazima.

Hadithi aliiandika binamu yangu. Mhusika ni bibi mjane wa Newala, mrefu, mwembamba, mwenye mikorosho michache. Njaa ikimbana kabla ya msimu kufunguliwa, anauza kwa kangomba. (Wasio wa kusini: korosho zinapimwa kwa bakuli, kinyemela, nje ya mnada rasmi wa stakabadhi ghalani, na anayenufaika ni mwenye bakuli.) Katika hadithi bibi hasemi kitu. Anapitisha kidole ndani ya bakuli la mnunuzi kuona kama limegongwa kitako liongezeke kina. Analikuta limegongwa. Anapokea hela zake na kuondoka, na mnunuzi anabaki akijua kwamba ameshajulikana.

Tuliyempata wa kuigiza ni mama lishe wa stendi, mfupi, mnene. Binamu akanuna: "Huyu siye." Tukawasha kamera. Yule mama akapitisha kidole kwenye bakuli, akakitazama kama kimeshika uchafu, akakifuta kwenye pindo la khanga. Hilo la kufuta halikuandikwa popote. Binamu alinyamaza, na habari ya urefu haikurudi tena.

Kilichotuharibia ni kingine. Mwongozaji wetu aliona tukio limepoa, akataka bibi apige magoti, amlilie mnunuzi aongeze bei. Tukarekodi. Siku ya kuonyesha, uani kwa jirani, shuka limetundikwa ukutani, watu walikwenda nayo vizuri hadi hapo. Mzee mmoja huko nyuma akasema kwa sauti, "Aa, sasa huyo mwingine." Hadithi yenyewe hajawahi kuisoma! Bibi aliyefuta kidole dakika chache nyuma ndiye aliyemwonyesha kwamba huyu hapigi magoti kwa mtu.

Ndiyo maana mabishano ya kofia na maumbile siku hizi hayanishiki. Mchukue Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza: ile kofia yake maarufu ilienezwa na mchoraji wa magazeti, Sidney Paget, kwa hiyo anayeidai kwa jina la kitabu anadai picha. Rafiki yake Watson, katika hadithi ya kwanza ya 1887, ni daktari wa jeshi aliyerudi na jeraha kutoka vita vya Afghanistan. BBC walipomleta London ya simu za mkononi mwaka 2010, hawakuhitaji hata kumtafutia vita vingine. Wamarekani mwaka 2012 wakamfanya mwanamke, daktari wa upasuaji aliyeacha kazi. Nilikaa kuiangalia tamthilia yao nikiwa nimejiandaa kuchukia, nikashindwa, maana alikuwa bado yule mtu mwenye subira asiyeogopa kumwambia Holmes ukweli.

Na kwa tuliosoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi shuleni: Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021, niliwasikia watu wakihesabu yaliyoachwa kama wanasahihisha mtihani. Riwaya ile inazunguka mpaka Mombasa. Saa mbili zingeyabeba wapi yote hayo? Kupunguza ninakuvumilia. Ningegomba kama Denge, mpinga ukoloni wa riwaya hiyo, angekuwa mtu wa kubembeleza wakoloni.

Yetu tuliikata pale kwenye magoti, ikabaki dakika kumi na mbili. Mwongozaji mpaka leo anadai tulimnyima tukio lake bora. Mama lishe naye alininunia wiki nzima, maana machozi yale, anasema, yalikuwa ya kweli.