Kutoka uwanja wa Arusha hadi KIA: dakika 10 au saa moja na nusu?

SWALI: Ndugu Mhariri, wageni wetu wanatoka Serengeti kwa ndege ndogo. Watashuka Arusha saa 10 jioni, na saa 2 usiku wanaruka kutoka KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, kwenda Ulaya. Mtandaoni nimesoma kilomita 50, kwingine dakika 10. Dereva anasema saa moja na nusu. Nimwamini nani?
Msomaji, Babati

JIBU: Mwamini dereva. Kilomita 50 ni mstari ulionyooka angani, sawa na maili za baharini 27 hivi. Ndege ndogo inayokwenda maili hizo 160 kwa saa huumaliza mstari huo kwa dakika 10, lakini hesabu hiyo haina kuwasha injini, kupanda wala kuzunguka kabla ya kutua. Na wageni wako hawapiti angani.

Barabarani ni kama kilomita 60, kwa sababu uwanja wa Arusha uko Kisongo, magharibi ya mji, na KIA iko mashariki, wilayani Hai. Ukikatiza mjini jioni, foleni ndiyo itakayokula muda. Njia nne zinaishia Tengeru. Kuanzia hapo, kupitia Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, lori moja zito linaweza kuburuza msururu mzima, na kwenye vibao vya 50 askari wanasubiri na tochi za kupimia mwendo. Barabara ya mchepuko inayozunguka mji kwa kusini na kutokea Usa River inakuepusha na foleni ya mjini. Mwambie dereva aishike hiyo.

Sasa pigeni hesabu kuanzia mwisho. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka, yaani saa 1 usiku. Wakitua saa 10 kamili, mizigo ikatoka na gari likaondoka saa 10 na nusu, watafika KIA saa 12. Imebaki saa moja tu, na hiyo ni kama kila kitu kimekwenda sawa. Ndege za mbugani hushuka viwanja kadhaa kuchukua abiria, kwa hiyo kuchelewa dakika 40 si ajabu. Sisi tusingekubali mpango huo. Wahamishieni ndege ya asubuhi kutoka Serengeti, au muulizeni aliyewauzia tiketi kama ndege yao inaweza kuendelea hadi KIA. Baadhi ya mashirika hufanya hivyo.

Halafu someni alama kwenye tiketi, msitazame jina la mji: ARK ni Arusha, JRO ni KIA. Dereva naye atumiwe alama hiyohiyo kwa maandishi. Kama wageni waliacha masanduku makubwa hotelini kwa sababu ndege ndogo hubana uzito, ayachukue kabla ya kwenda Kisongo. Kurudi mjini kuyafuata ni kupoteza nusu saa ambayo hamna.