Kwa nini Mto Lena hufurika bila mvua
Ndugu, umeuliza maji yote yale hutoka wapi ilhali mvua haijanyesha. Sababu ni mwelekeo wa mto. Lena huanzia milimani karibu na Ziwa Baikal, Urusi, hukata Siberia kwenda kaskazini zaidi ya kilomita 4,000 hadi Bahari ya Laptev, kwenye baridi kali ya Aktiki. Basi Mei kusini theluji na barafu zimeshayeyuka kuwa maji, kule mbele kaskazini mto bado umeganda! Mabamba ya barafu yanashuka yakigongana, yanakwama kwenye kona au kisiwani, yanajipanga kama boma. Maji yakikosa njia hupanda kingo. Mwaka 2001 mji wa Lensk ulizama hivyo hivyo, hadi ndege za kivita zikatumwa kuipiga barafu mabomu.