Usitie saini kwanza: maswali yenu kuhusu fidia ya chanjo

Mwanangu wa miezi minne alidungwa pajani kwenye zahanati ya mtu binafsi. Siku ya tatu paja likafanya jipu, akapasuliwa. Sasa mguu ule haurushi kama mwenziwe. Wenyewe wamenipa karatasi nitie saini, nipewe shilingi 80,000 "tuyamalize kikwetu." – Mama, Matondoni

Pole sana, dada. Weka kalamu chini. Kikwetu kunafaa mbuzi akila mboga za jirani. Karatasi za namna hii huwa na mstari uliojificha katikati: kwamba umepokea pesa hizo kumaliza madai yote, ya leo na ya baadaye. Mtoto akifika miaka mitano akawa anachechemea, utaambiwa ulishalipwa.

Mpeleke kwanza kwa daktari bingwa, aandike mguu uko vipi na utahitaji nini. Hesabu huanzia hapo: matibabu yaliyopita, mazoezi ya viungo yajayo, nauli ya boti. Ndiyo, hata risiti ya boti, itie kwenye bahasha.

Tena kuna hili: hapa Kenya, kesi ya mtoto ikishafunguliwa, mzazi hawezi kuimaliza kwa maelewano bila idhini ya mahakama. Pesa ni za mtoto, si zetu wazazi, na mahakama huangalia kama zinamfaa yeye.

Nitathibitishaje kuwa ni chanjo? – Baba, Ngomeni

Hapa ndipo madai mengi hufia. Kufuata chanjo si kusababishwa na chanjo. Kidonda kidogo cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wa kushoto, kinachoacha kovu, ni kawaida, usimshitaki mtu. Jipu ni jambo jingine: huenda chanjo yenyewe ni salama, ila sindano au mikono haikuwa safi. Huo ni uzembe, na ndio utakaouthibitisha.

Piga picha kitabu cha kliniki, ukurasa wa tarehe na namba ya bechi, yaani namba ya toleo la chanjo hiyo. Kama bechi haikuandikwa, iulize kliniki. Kisha ripoti kwenye kituo cha afya, ili taarifa ifike Bodi ya Dawa na Sumu, inayosimamia usalama wa dawa. Kuripoti si kushitaki, ila kunaacha karatasi yenye tarehe.

Dada yangu Marekani asema huko serikali hulipa. Hapa je? – Langoni, Lamu

Kweli. Sheria yao ya 1986 ilianzisha mfuko unaotokana na kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa ambao dozi moja ya chanjo huukinga. Mdai halazimiki kuthibitisha uzembe, na wengi hulipwa kwa maelewano bila serikali kukiri kuwa chanjo ndiyo iliyodhuru. Kenya haina mfuko kama huo wa chanjo za kawaida za watoto. Hapa ni uzembe, ushahidi, na mahakama ya Lamu au Malindi.

Nina muda gani wa kufungua kesi? – Maweni, Malindi

Kituo cha binafsi, miaka 3. Cha serikali, miezi 12 tu. Usingoje mtoto akue.

Wakili ataka theluthi tukishinda, tukishindwa hataki kitu. – Watamu

Makubaliano ya kulipa ukishinda tu hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili. Mwambie akuandikie ada yake. Akikasirika, Malindi mawakili ni wengi.

Chanjo ijayo nimpeleke? – Mama yuleyule, Matondoni

Mpeleke, kituo kingine. Mwonyeshe nesi kovu la jipu kabla hajafungua sindano.