Uliza Msafiri: Tulale Nara ama tupite tu?

SWALI: Asalam alaykum. Mimi na bwanangu tutakuwa Osaka, Japani, mwezi wa kumi kwa mambo yake ya kazi, tutabakiwa na siku mbili. Kila mtu anatwambia Kyoto, lakini picha zake ni vichwa vya watu tu. Tunataka mji wa kale wenye vichochoro, chakula cha wenyeji na miti. Nara itafaa? Na sisi Waislamu tutakula nini huko? – Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam dadangu. Nendeni Nara, tena mlale, manake wageni wengi wanakuja asubuhi na treni, kutoka Osaka ni kama dakika 40 hivi, wanalisha kulungu, wanapiga picha na lile sanamu la Buddha la shaba la tangu 752, karibu mita 15, halafu jioni washarudi zao na mji unabaki kwa wenyewe. Hapo mtembee Naramachi, mtaa wa zamani wa wafanyabiashara. Nyumba za mbao, mbele nyembamba ila ndani zinaenda mpaka huko nyuma, na kwenye milango mingine mtaona vitumbili vyekundu vya kitambaa vimening'inizwa kukinga balaa. Maduka yanafunga mapema, kununua iwe asubuhi.

Lakini mimi huko ningeenda kwa sababu ya udi, wallahi. Nara ilikuwa makao makuu ya Japani 710 mpaka 784, na mali za kifalme za zama hizo zilihifadhiwa kwenye ghala la mbao linaitwa Shosoin. Kati ya mali hizo kuna gogo la udi, Ranjatai, urefu wake mita moja na nusu, uzito kilo 11 na kitu. Mwaka 1574 mbabe wa vita Oda Nobunaga alijikatia kipande, 1877 mfalme Meiji naye akakatiwa chake, na alama bado zipo! Sisi wa chetezo tunawaelewa kabisa. Gogo lenyewe halitolewi kila mwaka, ila mwisho wa Oktoba mpaka mwanzo wa Novemba jumba la makumbusho la taifa pale Nara linaonesha baadhi ya vitu vya Shosoin, kwa hiyo kama bwana anaweza kuzisogeza tarehe, asogeze.

Chakula sasa. Nara haina bahari, zamani samaki alitiwa chumvi pwani akapandishwa milimani, ndo ikatoka kakinoha-zushi, kipande cha samaki juu ya wali wa siki, kimefungwa kwa jani la mkaki, mti wa matunda ya persimoni. Tamu, ila ulizeni kama wametia mirin, ile pombe tamu ya kupikia, inaingia kwenye sosi nyingi sana. Achari yao ya narazuke msiiguse kabisa, inalowekwa kwenye machicha ya pombe. Rameni, zile tambi za supu, pia supu yake mara nyingi ni ya nguruwe. Asubuhi tafuteni chagayu, uji wa mchele unaopikwa kwa chai, mwepesi na hauna utata. Andikeni kwa Kijapani kwenye simu kabisa, hatuli nguruwe, hatutumii pombe wala mirin, muoneshe tu.

Miti ipo ya kutosha, nyuma ya hekalu la Kasuga kuna msitu ambao kuwinda na kukata miti kumepigwa marufuku tangu 841. Katikati yake hapaingiliki, lakini njia ya kutembea pembeni ipo, na watalii wengi hawafiki huko.

Kulungu wenyewe ni zaidi ya elfu moja na wanazurura barabarani kama punda wa kwetu, tofauti ni kwamba hawa wanakuinamia kichwa wakitaka biskuti zao za pumba, ukichelewa wanakuvuta buibui. Zikiisha waoneshe viganja vitupu. Mwezi wa kumi madume yanagombania majike, yanakuwa makali, kaeni mbali nayo, na tiketi za treni zitie ndani ya mkoba manake karatasi pia wanakula.